Kinu cha Michi Miwili

Hivi karibuni nilikwenda Kikwajuni kuwapa pole jamaa waliofiwa, na wakati wa kurudi sikushika njia kuu. Miguu ilijikatia njia yenyewe, ikanipitisha nyuma ya majumba ya ghorofa, mahali ambapo zamani palikuwa na vichochoro vyetu. Hakuna alama iliyobaki. Nyumba za udongo zilibomolewa zote, na lau mtu angeniomba nimwonyeshe uwanja wetu ulipokuwa, ningenyoosha kidole hewani tu, kama anayeonyesha tawi alilokaa ndege aliyekwisha kuruka. Nilikuwa natafuta pa kutokea niliposikia mchi. Nyuma ya ukuta wa matofali mtu alikuwa anatwanga. Du. Kimya. Du. Kimya.

Wewe uliyekulia mitaa ile utanielewa nikikwambia kwamba nilishindwa kuendelea na safari yangu. Kinu kinachotwangwa na mtu mmoja kina pengo kati ya pigo na pigo, na mimi nimekuwa nikiliogopa pengo hilo tangu utotoni. Acha nikueleze sababu.

Katika miaka ya hamsini tulikuwa tunakaa hapo: baba, mama, mimi, na bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu kwa duka moja la Darajani, na nyumba yetu ilinuka bafta mpya na mafuta ya cherehani hata siku za sikukuu. Mlango wetu wa nyuma ulifungukia uwanja ambao tulikuwa tukiutumia pamoja na jirani mmoja tu, mwanamke wa rika la bibi, aliyeishi na mwanawe mchukuzi wa bandarini. Katikati ya uwanja kilisimama kinu cha mti wa mfenesi, kimechakaa mdomo kwa umri, na kando yake michi miwili iliyoegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri zamu.

Asubuhi ya mtaa wetu ilianza kwa adhana, ikafuatiwa na moshi wa makumbi ya nazi yaliyotiwa moto chini ya birika, kisha harufu ya mandazi yenye hiliki kutoka kwa mama muuzaji wa pembeni, na halafu kinu. Bibi alisimama upande huu, jirani upande ule, wamejifunga kanga viunoni, na ile michi miwili ilipokezana katika mdomo mmoja wa kinu: mmoja ukipanda, mwengine unashuka. Ungetazama ungedhani itagongana. Haikugongana hata siku moja. Du-du, du-du, mpaka mpunga ukawa mweupe au kisamvu kikalainika. Na kila mchi ulipotua ulitua na neno, na kila neno lilikuwa tusi.

Walikuwa watani. Mama zao waliletwa kisiwani kutoka bara wakiwa wasichana, na watu ambao hawakuwauliza majina. Habari hiyo ilikuwa haitajwi nyumbani kwetu, na neno linalohusika nililisikia kwanza shuleni, nikanyamaza. Mama hao wawili walikuwa wa kabila moja lakini wa koo mbili tofauti, na huko walikotoka koo hizo zilikuwa na desturi ya kutaniana: wa huku humtukana wa kule, wa kule humjibu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Walipokutana katika shamba moja la mikarafuu, hawakuwa na kitu cha kwao isipokuwa hicho. Wakawaachia binti zao. Bibi na jirani walikua wakitukanana, wakaolewa wakitukanana, wakafiwa na waume wakitukanana, na yote hayo kwa lugha ambayo katika mtaa wetu, na kwa kadiri walivyojua wao katika kisiwa kizima, hakuna mtu wa tatu aliyeifahamu.

Haikuwa na jina. Bibi akiitaja alisema "ya mama," basi. Nilipomuuliza nchi yenyewe iko wapi, alinijibu kwamba mama yake alimwambia kulikuwa na maji mengi yasiyo na chumvi, na mlima uliokuwa ukionekana asubuhi tu. Ukitazama ramani ya bara utaona kwamba hayo si maelekezo.

"Kasema nini leo?" nilizoea kumuuliza bibi wakati tukipepeta.

"Kasema masikio yangu makubwa, nikilala najifunika."

"Na wewe je?"

"N'memwambia ukoo wao ulichelewa kugawiwa akili kwa sababu siku ile walikuwa wanakula."

Ng'ambo ya ungo jirani alitikisa kichwa. "Usimwamini bibi yako. Hata kutafsiri hajui, ndiyo maana hakupata mume wa pili."

"Nlimkataa kaka yako," bibi alijibu, "kwa kuogopa wanangu wasije wakafanana na wewe."

Nilicheka mpaka nikamwaga chuya. Bibi aliniita mke mwenzie, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na jirani akaniita mke mwenza wa mvivu. Nilidhani dunia yote imejengwa hivyo, na kwamba kila nyumba ina mtu wa kuitukana kwa mapenzi.

Kisha zikaja zama za siasa. Ikiwa uliziona, huhitaji nikuhadithie. Ikiwa hukuziona, sijui kama nitaweza. Hazikuja kwa kishindo. Zilikuja kama maji yanavyopanda katika kidimbwi: huyaoni yakienda, lakini ukigeuka jiwe ulilolikanyaga halipo. Mama aliacha kununua nazi kwa muuzaji wake wa siku zote, na hakusema kwa nini. Mtoto niliyekaa naye dawati moja alihamishiwa dawati jingine kwa ombi la baba yake. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alifariki, na waliomzika walikuwa wa upande wake tu. Wale wengine walikaa barazani, wakalitazama jeneza likipita, wakaendelea kunywa kahawa. Mimi nilikuwa nimetumwa buni, nikaona. Hakuna aliyesimama. Nakumbuka sauti ya vikombe.

Baba alikuwa wa upande mmoja na mwana wa jirani wa upande wa pili. Sitazitaja pande hizo, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wema, na kila mmoja alikuwa anaogopa. Lakini baba, ambaye mama yake mwenyewe alizaliwa na mwanamke wa bara, aliogopa zaidi. Siku hizo watu walianza kuulizana mizizi: nani wa hapa, nani alikuja, alikuja lini. Jioni moja aliweka chini kanzu aliyokuwa anaipiga pindo, akamwambia bibi bila ya kumtazama:

"Mama, lugha ile iwache. Siku hizi watu wanasikiliza."

"Wasikilize nini, mwanangu? Kwani wanaifahamu?"

"Hawaifahamu. Ndiyo ubaya wenyewe."

Bibi aligeuza uso kuelekea uwanjani. "Na kule upande wa pili wanasemaje?"

"Mwanawe kashamkataza vilevile. Kuna watu wamemwambia kwamba mamake anatoa habari zake kwetu."

"Habari gani? Za masikio yangu?"

Baba aliichukua tena kanzu, akaendelea na pindo. Siku iliyofuata mwana wa jirani alikuja na mabati na miti, akasimamisha ua katikati ya uwanja. Alifanya kazi kwa adabu. Alimsalimu bibi, "Shikamoo," akaitikiwa "Marahaba," na alipofika penye kinu alisita, akauliza kibaki upande gani. Bibi alimwambia akiache kilipo. Kikabaki kwetu. Mchi wa jirani aliuchukua begani, na baada ya siku chache tukasikia kwamba wamenunua kinu kidogo chao.

Asubuhi ya kwanza bibi alitoka na mpunga wake kama kawaida, akafunga kanga, akainua mchi. Kabla hajaushusha, ng'ambo ya mabati tukasikia: du. Bibi alisubiri. Halafu akashusha wake: du. Jirani naye akasubiri, akashusha. Nilisimama na ungo mkononi nikawaona, yaani nilimuona mmoja na nikamsikia mwengine, wakitwanga katika vinu viwili kama wanaotwanga katika kimoja, na ua wa mabati ukitetema katikati. Hapakuwa na neno. Watoto wao waliwakataza maneno, na wao walikuwa wanakula katika nyumba za watoto wao. Lakini hakuna aliyewakataza kutwanga.

Iliendelea hivyo msimu mzima wa kaskazi na masika yote. Mvua ilipopiga juu ya mabati haikusikika michi wala chochote, na siku hizo bibi alikuwa mkali, akigombana na kuku. Nilimuona midomo yake ikienda anapotwanga. Mara nyingine alisimama katikati ya kazi na kuniuliza, kwa Kiswahili, kitu fulani kinaitwaje. Nilipomtajia, alitikisa kichwa, kwani jina alilolitafuta halikuwa hilo. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba kuna kitu kinamtoka, na kwamba nikimtazama usoni kwa makini sana nitakiona kikitoka. Nikawa simtazami.

Baada ya mvua homa ya kifua ikamlaza. Alilala katika kitanda cha kamba chumba cha nyuma, karibu na dirisha la uwanjani, akinuka mkaratusi na karafuu iliyosagwa. Mama alimpikia uji wa mtama, akauwacha ukapoa. Na kila asubuhi, ng'ambo ya ua, mchi ulishuka: du. Halafu pengo. Jirani aliliacha kusudi, kwa kipimo kilekile, pana la kutosha kwa mchi wa bibi kuingia. Du. Pengo. Du. Pengo. Sisi sote nyumbani tulilisikia, na hata baba alisimamisha cherehani yake.

"Nenda," bibi aliniambia. "Nenda kapige. Ajue nipo."

Nilitoka, nikaushika mchi wake, mzito kunishinda, nikangoja pigo la ng'ambo lipite, nikaushusha katika kinu kitupu. Upande wa pili ukanyamaza papo hapo. Nilisikia kunguru juu ya paa. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Jirani alikuwa ameshajua kwamba mkono ule haukuwa wa mtani wake, na nadhani alikuwa amesimama vilevile nilivyosimama mimi, amekamata mchi, anatazama mabati. Hakutwanga tena siku ile.

Nilipomwambia bibi alifumba macho. Kisha akaniita karibu.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Kalima n'taisoma mwenyewe, Inshallah, na Mola wangu anajua kila lugha. Lakini mama yangu hakujua Kiswahili. Alikufa akijua neno la maji na neno la jembe. Nikimkuta kule, na mimi maneno yameshanitoka, n'tamwambia nini? Atasema huyu mwanamke wa Kiunguja ni nani."

Nilimfunika shuka miguuni. Akaniambia kwamba kwao mtu akifa haondoki nyumbani mpaka mtani wake amzuie mlangoni na kumtukana, na mtu wa nyumba amjibu mtani yule. Likitoka tusi na jibu, basi huko mbele watu wake wamesikia, wanajua nani anakuja. Lakini tusi likitoka na nyumba ikakaa kimya, mtu yule ni wa watu wengine, hawamjui.

"Hatakuja, bibi," nikasema. "Mwanawe hatamwacha. Na baba naye hataki."

"Atakuja. Simwamini kwa lolote jingine, lakini kwa kunitukana namwamini. Wasiwasi wangu si yeye. Nani atamjibu? Baba yako nlitaka kumfundisha, akaona haya. Basi utamjibu wewe."

Akanifundisha. Yalikuwa maneno machache, sentensi moja tu, yenye sauti moja inayotoka nyuma ya koo na nyingine puani, na mwisho wake unapanda kama swali. Alinifundisha nikiwa napepeta, nikiwa nachambua mchele, nikiwa namkanda miguu. Nikikosea alinipiga kidole cha paji la uso. Nilipoweza kulisema jibu lote bila ya kusita, alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetazama kitu alichokiweka mahali salama na bado hakuamini.

"Maana yake nini?"

"Sikwambii. Ukijua utacheka, na anayemjibu mtani hacheki."

Akafariki asubuhi ya Ijumaa, mama akiwa amemshika mkono. Nyumba ilijaa mara moja, udi ukafukizwa, shuka nyeupe ikakatwa na mkasi wa baba, mkasi ule ule wa kanzu. Walikuja watu wa upande wetu. Wa upande wa pili hawakuja. Baba alisimama mlangoni na kofia yake, akiwahesabu kwa macho wale ambao hawapo. Ng'ambo ya ua hapakuwa na sauti ya mchi wala ya mtu, na nikaanza kuamini kwamba bibi alikosea, na kwamba jibu lake litabaki mdomoni mwangu.

Jeneza lilipoinuliwa tulisikia mabati yakilia. Mtu alikuwa anayapiga kwa mchi. Bati moja likaanguka ndani ya uwanja, na jirani akapita juu yake, amevaa kanga nje ndani, sufuria kichwani kama kofia, mchi begani. Alipita katikati ya wanawake waliokuwa wanalia, akapita mbele ya wanaume, akajilaza chali juu ya kizingiti cha mlango.

Watu waliduwaa. Mwanawe alikuja mbio nyuma yake, jasho linamtoka.

"Mama, toka hapo. Unatuaibisha."

"Nyamaza we. Huyu kanitukana tangu hujazaliwa. Leo zamu yangu."

"Bi mkubwa," baba alisema kwa sauti ya chini, "tupishe, tafadhali. Maiti hasubiri."

"Sipishi. Atasubiri, alikuwa na haraka ya nini maisha yake? Mvivu huyu. Kaona mpunga mwingi, akajitia kufa. Kaniachia kinu peke yangu." Aligonga sakafu kwa mchi. "Na mumbebe vizuri, masikio yale yasije yakamwangusha mtu."

Mwanamke mmoja alicheka huku analia, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha jirani akajiinua kwa kiwiko, akatulia, akalisema lile tusi kwa lugha ya mama zao. Sauti yake ilijaa ukumbi wote. Lugha hiyo haikuwa imesikika hadharani tangu ua uliposimamishwa.

Hakuna aliyejibu. Alimtazama baba, baba akatazama chini. Aliwatazama waliobeba, mmoja mmoja. Kisha nikaona uso wake unabadilika, na hapo ndipo nilipojua kwamba wazee nao huogopa. Akalisema tena tusi lile, polepole sasa, kama anayegonga mlango wa nyumba ambayo anaanza kushuku kwamba imehamwa.

Nilitoka nyuma ya kanga ya mama, nikajibu.

Nililisema lote. Mwisho wake ulipanda kama nilivyofundishwa. Jirani alinigeukia, akafungua mdomo, na sijui kama alitaka kucheka au kulia; alikaa hivyo tu, mdomo wazi, kama mtu aliyesikia hatua za anayemjua. Kisha akasimama, akajikung'uta, akachukua sufuria yake, akapisha. Jeneza likatoka. Mwanawe aliingia chini yake upande wa nyuma, bega kwa bega na baba, na baba akampa nafasi.

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo mambo yalitengenea. Ua haukuzibwa tena, ni kweli, lakini nje ya uwanja wetu maji yaliendelea kupanda. Jirani alianza kuniita nitwange naye. Nilijifunza kupokezana, du-du, na alinirushia matusi mapya, ya kila namna, nami nilibaki namtumbulia macho. Siku moja nikamwomba anifundishe majibu mengine.

"Sinayo, mwanangu."

"Lakini umeyasikia maisha yako yote."

"N'meyasikia, siyasemi. Majibu ni ya ukoo wa bibi yako. Mimi n'na matusi yangu. Nikiyasema ya kwao n'takuwa najitukana mwenyewe, na mama yangu hakunizaa kwa kazi hiyo."

"Basi niambie maana ya hili nililonalo."

"Hakukwambia?" Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Basi na mimi sikwambii. Utaharibu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, msomaji wangu. Kila mmoja alirithi nusu, na nusu ya bibi iliondoka chini ya shuka ile nyeupe, isipokuwa sentensi moja iliyobakia kwa mtoto wa shule. Baada ya muda jirani alichoka na matusi yasiyojibiwa. Akabaki na moja tu, lile la mlangoni, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na jibu. Nikipita kichochoroni na mkoba wangu alilirusha kutoka dirishani. Nami nikajibu bila ya kusimama. Kila siku tusi lile lile, na kila siku jibu lile lile. Wapita njia walidhani tunasalimiana.

Kisha nikapelekwa masomoni ng'ambo ya bahari, na nikiwa huko ukaja mwaka ambao kila mtu wa kisiwani anaujua, na baadaye yakaja matingatinga. Niliporudi na shahada yangu jirani alikuwa amekwisha kufa. Aliyenipa habari, jamaa wa mama, alitaka kunifariji. Alisema mwanzoni mwa maradhi yake bado alikuwa na akili nzuri, lakini mwishoni alikuwa anaweweseka, anasema maneno yasiyo na maana, tena na tena, kama anauliza kitu, halafu anangoja. Walimsomea, wakampaka maji ya zamzam. "Lakini alizikwa vizuri sana," akaniambia. "Kwa heshima. Hapana mtu aliyeinua sauti."

Nimeishi na sentensi ile ya bibi miaka yote hii. Nimefundisha vijana, nimezaa, nimekuwa mtu wa vitabu. Niliwahi kumwendea mtaalamu mmoja wa lugha, mtu mpole, akaniomba niseme mbele ya chombo chake cha kunasia sauti; akasikiliza, akarudia kusikiliza, akasema inafanana kidogo na hizi na kidogo na zile, na kwamba kwa sentensi moja hawezi kujua zaidi. Huenda nimeivunja bila ya kujua, maana hakuna wa kunipiga kidole nikikosea. Huenda huko kwenye maji yasiyo na chumvi wapo bado watu wanaotukanana hivyo kila asubuhi. Huenda hawapo. Redioni husema kwamba lugha hufa anapokufa msemaji wake wa mwisho, na kila nikisikia hivyo nazima, kwa kuwa mimi nilikuwapo na sivyo nilivyoona. Ile ya kwetu ilikufa wakati jirani alipoacha pengo na mchi uliokuja ukawa wangu. Yaliyofuata yalikuwa mazishi marefu tu.

Nilikuambia kwamba nilisimama nyuma ya ukuta wa matofali. Du. Pengo. Du. Pengo, pana, la kipimo kilekile. Sikukusudia. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikalisema lile jibu kwa sauti, lote, mpaka mwisho wake unaopanda kama swali.

Mchi ukasimama.

"Naam?" Kichwa cha mwanamke kijana kikachomoza juu ya ukuta, jasho puani, mabaki ya kisamvu mkononi. "Shikamoo, Bi. Umeniita?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Nlikuwa namjibu mtu."

Alitazama kulia na kushoto katika ile njia tupu, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama wanavyotazamwa wazee, akarudi kwenye kinu chake.